Karen au Jericho? Kulinganisha majibu ya uchumi ya 2022 kabla ya kuyasikia ya 2027

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanasiasa hawajasubiri filimbi. Kila harambee na kila mazishi kuna mtu anashika maikrofoni aeleze atakavyoshusha bei ya unga. Kwa mpiga kura anayetaka kuchagua kwa kichwa, si kwa kabila wala kwa wimbo wa kampeni, kipimo cha karibu tulicho nacho ni majibu ya 2022. William Ruto wa Kenya Kwanza na Raila Odinga wa Azimio la Umoja waliulizwa maswali yaleyale kuhusu uchumi, wakajibu kwa njia zilizoachana mbali. Nimeyaweka majibu hayo bega kwa bega.

Nitangulize msimamo wangu usije ukanitafuta. "Utafanya nini?" ni swali ambalo kila mwaniaji ana jibu lake hata akiamshwa usiku wa manane. Mimi nasikiliza swali la pili: "Nani atalipia, na lini?" Hapo ndipo wengi huanza kumsifu mgombea mwenza.

Jambo moja la haki kabla hatujaanza. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, kwa hiyo jibu lake lilipelekwa sokoni likapimwa. La Raila lilibaki kwenye karatasi, na mwenyewe alifariki Oktoba 2025. Jibu lililotekelezwa lina makovu. Lisilotekelezwa bado linang'aa, na mng'ao huo usikudanganye.

Usiku mmoja, kumbi mbili

Tarehe 26 Julai 2022, wiki mbili kabla ya kura, mdahalo wa urais ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Karen. Ruto alisimama peke yake kwa takriban dakika 90 akihojiwa na watangazaji Eric Latiff na Yvonne Okwara. Raila alisusia. Kambi yake ilitaka mdahalo ujikite kwenye ufisadi na maadili, na badala ya Karen ikatangaza kikao na wananchi Jericho Social Hall, Eastlands, jioni hiyohiyo. Mwaniaji mwingine, George Wajackoyah, alifika Karen akaondoka, akisisitiza kwamba anataka kukabiliana na wakubwa wote kwa pamoja, na mwaniaji wa nne, David Mwaure, akajikuta anajibu peke yake katika awamu ya kwanza.

Wafuasi wa Ruto walisema Raila amekimbia. Lakini mwaka 2017, katika ukumbi uleule wa Karen, aliyesimama peke yake alikuwa Raila, na aliyekosekana ni Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo. Wakati huo wafuasi wa Raila ndio waliosema mtu amekimbia. Kususia mdahalo hakuna chama. Anayejiona yuko mbele kwenye kura za maoni hupiga hesabu kwamba ana mengi ya kupoteza kuliko ya kupata, basi. Mwaka 2013 wawaniaji wote wanane walisimama pamoja katika shule ya Brookhouse, na sijaona sababu ya maana ya kutorudia jambo hilo.

Ukipima kumbi hizi mbili kama mahali pa kupata jibu la uchumi, kila mmoja una nguvu yake. Katika kikao cha mtaani swali hutoka mfukoni mwa muulizaji: kodi ya nyumba, karo, mtungi wa gesi. Hakuna mtangazaji anayeweza kuuliza bei ya sukari kwa uchungu wa mtu aliyeinunua asubuhi. Tatizo ni kwamba muulizaji hupewa zamu moja. Akishauliza anaketi, maikrofoni inaenda kwa mwingine, na mwaniaji anaweza kujibu swali tofauti kabisa bila mtu kumrudisha. Mtangazaji wa Karen anauliza maswali ya kisomi, mengine yanampita mama mboga juu kwa juu, lakini ana faili mkononi na ana ruhusa ya kusema, "Hujajibu." Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua Karen kwa sababu ya ruhusa hiyo.

Unga: ruzuku kwa mlaji au kwa mkulima?

Hili ndilo swali lililotawala kampeni nzima. Julai 2022 paketi ya unga wa sima ya kilo mbili ilikuwa imevuka shilingi 200, baada ya ukame wa misimu mfululizo na vita vya Ukraine vilivyopandisha bei ya nafaka, mafuta na mbolea duniani.

Upande wa Azimio uliahidi nafuu ya haraka mezani. Serikali ya Uhuru, iliyokuwa inamuunga mkono Raila, ikaonyesha mfano: mnamo Julai 20 bei ya paketi ikatangazwa kuwa shilingi 100, serikali ikimfidia msagaji tofauti. Upande wa Kenya Kwanza ulisema hapana, ukimpunguzia mlaji leo unachoma pesa. Mpunguzie mkulima mbolea na mbegu, mahindi yatakuwa mengi na bei itashuka yenyewe.

Sasa leta swali la pili. Kwa jibu la kwanza, anayelipa ni hazina, na analipa leo. Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022 alisema ruzuku ya unga ilikuwa imekula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja, na ile ya mafuta bilioni 144 kwa jumla. Kuna kasoro nyingine ambayo haikuhitaji hotuba. Wanunuzi wengi walilalamika kwamba unga wa 100 wanauona kwenye televisheni tu, rafu za duka ni tupu. Tena ruzuku ile iliwekwa kwenye unga wa paketi. Mtu wa Kibera au Mukuru anayenunua mahindi kwa gorogoro, yaani kwa kopo, na kuyapeleka kwa posho mill, kinu cha mtaani, hakuguswa nayo moja kwa moja, naye ndiye mwenye shida zaidi kuliko anayesukuma toroli supamaketi.

Kwa jibu la pili, anayelipa kwanza ni mlaji, kwa kusubiri. Mbolea ilishuka kweli: mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa 6,500 ukawa 3,500 Septemba 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Lakini mahindi hayaoti kwa tangazo. Ruzuku ya unga na ya petroli iliondolewa, lita ya petroli Nairobi ikapanda kwa shilingi 20.18 siku moja baada ya kiapo hadi 179.30, na unga ukaendelea kuwa ghali hadi kina Raila wakaitisha maandamano Machi 2023 na watu wakaingia barabarani na sufuria kichwani. Bei ilikuja kulegea baadaye, baada ya mavuno.

Je, ni mbolea iliyoishusha? Kwa sehemu. Mvua nazo zilirudi baada ya ukame, na hakuna mwanasiasa anayeweza kudai mvua, ingawa wapo waliojaribu. Halafu mwaka 2024 wakulima wakafungua mifuko waliyonunua kupitia mpango wa serikali wakakuta kilichomo si mbolea, na serikali ikalazimika kuahidi fidia. Hilo pia ni sehemu ya hesabu. Ruzuku ya mkulima hupitia mikono mingi: kusajiliwa kwa chifu, ujumbe kwenye simu, safari hadi depo ya NCPB (bodi ya serikali ya nafaka), nauli ya kurudisha mfuko shambani. Kila mkono ni mahali pa kuvuja. Mkulima wa ekari moja anayeishi mbali na depo anaweza kumaliza nusu ya nafuu yake kwa boda boda.

Kwangu mimi jibu la Kenya Kwanza lilikuwa na mantiki bora ya miaka mitano, na la Azimio lilikuwa na mantiki bora ya miezi mitatu. Kosa la upande wa kwanza si wazo lenyewe. Walikosa kumwambia mlaji kinagaubaga kwamba kati ya mbolea na mavuno kuna msimu mzima wa kuumia, na kwamba ataupita peke yake.

Shilingi 6,000 mkononi au mkopo wa 500 kwenye simu?

Hapa tofauti ilikuwa nyepesi kueleweka, ndiyo maana ilijadiliwa hadi kwenye viti vya kinyozi. Raila aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia zaidi ya milioni 2 zisizojiweza. Ruto aliahidi hazina ya shilingi bilioni 50 kwa mwaka ya kuwakopesha wafanyabiashara wadogo kwa riba nafuu, ile tuliyokuja kuiita Hustler Fund.

Ahadi ya Raila unaweza kuipiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu: 6,000 mara milioni 2 ni bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa takriban trilioni 3.3, kwa hiyo si pesa za mbinguni, ila si chenji pia. Zitatoka wapi? Jibu la kambi yake lilikuwa ufisadi: ziba mianya, pesa zitapatikana. Takwimu iliyokuwa vinywani mwa wengi ni ile aliyoitaja Uhuru mwenyewe Januari 2021, kwamba shilingi bilioni 2 huibwa kila siku. Jibu hilo lina mvuto, na lina tundu. Shilingi 6,000 zinahitajika mwisho wa mwezi, ilhali kesi ya ufisadi Kenya hujulikana inapoanza tu. Mwezi wa kwanza hadi wa ishirini na nne, nani alipe? Hapo sikuwahi kusikia jibu.

Mbele ya ahadi hiyo kulikuwa na mfano hai, Inua Jamii, unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo mara nyingi huchelewa. Anayekuahidi mara tatu ya kiasi hicho ulizwe kwanza kwa nini hicho kidogo hakifiki kwa wakati.

Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022, kwa hiyo tunaijua kwa undani. Unaanza kukopa kuanzia shilingi 500, kikomo ni 50,000 kulingana na rekodi yako. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka na mkopo wa binafsi unarejeshwa ndani ya siku 14. Ukikopa 1,000, asilimia 5 inawekwa akiba, unapata 950 mkononi, na baada ya wiki mbili unarudisha 1,000 na riba ya takriban shilingi tatu. Ukilinganisha na programu za mikopo zilizokuwa zikiwakamua watu, riba hiyo ni karibu bure, na tusiwanyime sifa.

Lakini swali la kampeni lilikuwa la mtaji. Mtu aliyeahidiwa kuinuliwa biashara akifungua simu akakuta kikomo chake ni 500, anajua moja kwa moja kwamba hiyo haimnunulii hata kreti ya nyanya soko la Marikiti. Inamsaidia kula leo na kulipa baada ya siku 14. Wengi walikopa mara moja, hawakurudisha, hawakuonekana tena. Na bilioni 50 za kila mwaka? Fedha zilizotengwa hazikufika kiasi hicho.

Tukilinganisha kwa haki: 6,000 ni ya kumzuia mtu asizame, na mkopo ni wa anayejua kuogelea lakini hana mtumbwi. Bibi anayelea wajukuu wanne hana cha kufanya na mkopo wa siku 14. Kijana wa boda boda anayelipa mkodishaji kila jioni hana haja ya kuandikwa kwenye orodha ya wasiojiweza. Wawaniaji wote wawili waliuza jibu lao kana kwamba maskini wote ni wa aina moja.

Deni

Hapa nitapita haraka kwa sababu majibu yenyewe yalikuwa ya haraka. Raila alisema atajadiliana upya na wakopeshaji ili muda wa kulipa urefushwe. Ruto alisema serikali ipunguze kukopa na iishi kulingana na mapato, akaahidi pia kuweka hadharani mikataba ya reli ya SGR. Wajackoyah alisema bangi italipa deni lote, akapata chini ya asilimia moja ya kura na asilimia kubwa ya meme.

Baada ya kiapo, Ruto aliagiza bajeti ipunguzwe kwa bilioni 300, na Novemba 2022 sehemu ya mikataba ya SGR ikatolewa. Sehemu, si yote. Februari 2024 serikali ikauza hati fungani ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kupunguza ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Shilingi ikapumua, kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 130. Deni lenyewe halikupungua. Limeshavuka trilioni 10. Kwa kipimo cha "nani atalipia", jibu la Raila lilikuwa linamtaja mkopeshaji, la Ruto linamtaja mwananchi kupitia ushuru na kubana matumizi. Hakuna aliyelisema hivyo jukwaani.

Kile ambacho hakikuulizwa vya kutosha

Pengo kubwa la 2022 lilikuwa ushuru. Manifesto ya Kenya Kwanza iliahidi nyumba 250,000 kwa mwaka. Watu walipiga makofi kwa nyumba. Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha ukaja na makato ya asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizo, yakashushwa hadi 1.5 na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Mahakama Kuu ikayakataa Novemba 2023, yakarudi kwa sheria mpya Machi 2024. VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Michango ya NSSF, hazina ya pensheni, ikapanda. SHIF, bima mpya ya afya, ikaja na asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo. Mwajiriwa wa kawaida akitazama karatasi yake ya mshahara ya Agosti 2022 na ya leo anaona mistari ambayo hakuna aliyemwonyesha wakati wa kampeni.

Ndipo ikafika Juni 2024, na VAT ya asilimia 16 kwa mkate ndani ya mswada mwingine. Mkate uliondolewa kabla ya kura ya bunge, lakini vijana walishasoma kurasa zote na kuzitafsiri hadi kwa Kikalenjin na Kikamba mitandaoni. Tarehe 25 bunge likavamiwa, watu wakauawa, na kesho yake rais akakataa kutia saini.

Tarehe 5 Julai, siku aliyotangaza kupunguza matumizi na kuvunja mashirika 47 ya serikali, Ruto aliingia kwenye X Space, kikao cha sauti mtandaoni, na vijana. Hapo ndipo Kenya ilipata kile Karen na Jericho zilichokosa: muulizaji wa mtaani mwenye ruhusa ya kuuliza tena. Wengine walimkatiza, wengine walimtajia majina ya waliouawa. Haukuwa mjadala wa adabu, na sidhani ulipaswa kuwa. Ila ulikuja miaka miwili baada ya kura, wakati jibu halibadilishi tena nani yuko Ikulu.

Basi wewe uchukue jibu la namna gani?

Inategemea umesimama wapi. Kama unategemea mshahara, usianze na ahadi za mwaniaji. Anza na atakachokata, na ukisikia "hakuna ushuru mpya" uulize kuhusu viwango vya ushuru wa zamani. Mkulima aulize njia ya mbolea, kutoka bandari ya Mombasa hadi depo yake, na nani atafungwa ikiwa bandia. Mwenye kibanda asikubali kuambiwa ukubwa wa hazina yote. Aulize mtu wa kwanza kukopa atapewa ngapi na kwa siku ngapi. Anayelea familia bila kipato chochote, aina ya jibu la Azimio, pesa taslimu, bado ndilo lenye maana zaidi kwake, mradi mwaniaji ataje mstari wa bajeti zitakapotoka na si mwizi zitakapotoka.

Na uchague pia mahali pa kusikiliza. Mkutano wa hadhara ni wa kupata joto la kampeni. Swali la pili haliingii pale. Manifesto ni kavu lakini inashikika, ihifadhi kwenye simu tangu siku inapozinduliwa. Kikao cha mtaani kinafaa kwa kupeleka swali, kisha mwenzako aliyekaa nyuma aombe zamu na kuuliza lilelile hadi lijibiwe. Wakazi wakipanga hivyo mapema, mwaniaji hana pa kupenyea. Mdahalo uutazame hata kama wako hajaenda, kwa sababu anayejibu peke yake naye hufichua mengi.

Ukimsikia yeyote, wa serikali au wa upinzani, akiahidi kufuta makato ya nyumba ifikapo 2027, usikimbilie kushangilia wala kupinga. Muulize majengo yaliyofika ghorofa ya tatu yatamaliziwa na pesa zipi, na wakandarasi wanaodai watalipwa mwezi gani.